Ndoana kwenye Mashine

Baba Apiyo,

Usiwashe mashine ya kufua, wala usimruhusu Apiyo aiguse. Nimeenda Mamboleo kutafuta fundi. Chai iko kwa chupa, omena iko kwa sufuria.

Asubuhi hii ndoana iliyokuwa mfukoni mwa suruali yako imepasua mpira wa mlango, maji yakajaa jikoni. Kuanzia leo kila mtu apindue mifuko kabla nguo hazijaingia. Hata wewe, mzee.

Lakini Jumamosi uliniambia unaenda mazoezi ya kwaya. Ni kwaya gani hiyo inabeba ndoana? Ndugu yako alipozama, uliniapia hutaingia ziwani tena.

~~Usirudi huko kabisa.~~ Ukienda, niambie, nijue pa kuanza kukutafuta.

Mama Apiyo