Chini ya Kreni

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda. Nimeingia chumba sicho! Dada wa duka la dawa alinielekeza vizuri: ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, wanaoacha pombe hukutana humo jioni. Nikaingia wa kulia. Mama mmoja akanikumbatia, akanipa karatasi ya wimbo, nikaona haya kuuliza. Nimeimba sauti ya pili na wanakwaya mpaka mazoezi yakaisha! Nilipotoka, mlango wa kushoto ulishafungwa. Nimecheka njia nzima. Kisha nikapita mbele ya baa ya pale kwenye kona. Sikuingia. Lakini nilipunguza mwendo.

Jumanne, 11 Machi

Mlango wa kushoto. Viti vya plastiki, feni inayogongagonga, watu kama wanaongoja kung'olewa jino. Na nani kakaa karibu na dirisha? Mngoje! Dereva wa kreni wa saiti yetu! Kazini wanamwita hivyo kwa utani — aliye juu mngoje chini — maana akishapanda asubuhi hashuki mpaka chakula. Nilitaka kugeuka. Akavuta kiti cha pembeni yake, akakipangusa kwa mkono. Anasema ana miaka hajaonja.

Kabla ya kuondoka wote tunashikana mikono na kusema: yaliyosemwa humu yanabaki humu. Kila mgeni hupewa mtu wa kumpigia simu kiu ikimbana. Wangu ni yeye.

Ijumaa, 14 Machi

Msimamizi wa saiti kamfukuza fundi bomba kwa kunuka pombe. Hakuuliza, hakusikiliza. Akatutazama wote, nikahisi macho yamekaa kwangu zaidi. Nikajifungia stoo yangu, kati ya helmeti na mikanda, kiu imenibana, nikampigia Mngoje huko juu. "Vuta pumzi, dada. Hesabu glovu." Nikahesabu glovu! Kiu ikapita. Mzee huyu kaniokoa, sina neno jingine.

Mdogo wangu, ambaye ndiye anayefunga mizigo kwenye ndoano ya kreni, kanikuta nimekaa sakafuni. Kasema nimeshakuwa bibi kizee. Nimemlea tangu Mama afariki, na shukrani yake ndiyo hiyo.

Jumanne, 25 Machi

Sijui niandikeje. Zamu ya kusema ilimfikia Mngoje. Akasema ameanza tena, tangu mkewe alipoondoka. Anapanda nayo. Kule juu hapandi mtu mwingine, hakuna wa kumnusa. Mwenyekiti akamshukuru kwa kusema ukweli. Watu wakapiga makofi — makofi! Mimi nilikuwa namwona mdogo wangu tu, amesimama chini ya ndoano.

Tukashikana mikono. Yaliyosemwa humu yanabaki humu. Nami nikasema, kama wengine.

Jumatano, 26 Machi

Nimemkabili kabla hajapanda. Aombe likizo, aseme anaumwa, chochote. Kaniapia: leo hajaonja tone, nimtazame macho. Nikamtazama, sikuona kitu. Kisha akauliza taratibu, eti msimamizi anajua ninakokwenda Jumanne? Alikuwa anatabasamu. Sijui kama alinitisha au alinihurumia. Naogopa.

Alhamisi, 27 Machi

Kila asubuhi namjazia Mngoje chupa yake ya chai. Leo kakataa. Imeshajaa, anasema.

Kabla ya mchana mzigo wa nondo uliyumba, ukagonga ukuta wa ghorofa ya tatu. Mafundi wakasema upepo. Upepo gani! Vumbi la saruji mbele ya stoo halikutikisika.

Nimemwambia mdogo wangu kesho asiende kazini. Kwa nini? Nimeota vibaya. Kacheka, eti siku hizi ndoto zinatoa ruhusa? Kesho wanapandisha vyuma vya paa, hawezi kukosa.

Ijumaa, 28 Machi. Mapumziko ya mchana

Nimekwenda. Nimemwambia msimamizi amzuie dereva wa kreni, anakunywa.

Akaweka kijiko chini. "Umejuaje?"

Nikasema nimesikia. Kwa nani? Nikatazama sahani yake. Akasema ndiyo yale yale, maneno ya saiti hayana mwenyewe. Asubuhi wamesalimiana uso kwa uso na hakunusa chochote ila karafuu. Karafuu! Mimi nilizitafuna mpaka ulimi ukafa ganzi, na huyu huyu msimamizi alikuwa akinisifu kwa usafi. Akasema nimletee aliyesikia kwa masikio yake, aseme wapi na lini. La sivyo, chakula kikiisha vyuma vinapanda.

Aliyesikia ni mimi. Nikisema wapi, nimejitaja. Kazi imekwenda. Na kikundi kitanipokeaje tena, mimi niliyetoa siri ya mwenzetu? Bila wao najijua. Sifiki Jumapili sijanywa.

Nimesema kwa sauti humu stoo, peke yangu, nijaribu tu: "Aliyesikia ni mimi." Haikutoka vizuri.

Dirishani namwona Mngoje kwenye ngazi ya kreni. Amesimama katikati, anapumzika. Hapumzikagi pale. Sasa anaendelea. Mdogo wangu ameshafunga vyuma, kasukuma helmeti nyuma ili aone juu vizuri, mara ngapi nimemkataza! Msimamizi katoka mlangoni mwa ofisi, anajifuta mdomo. Anatazama huku kwangu.

Kreni imewaka. Nimesema tena. Safari hii imetoka, lakini bado niko humu ndani, na mdogo wangu ameinua mkono kumwashiria avute —