Kamera Niliyoiacha Dukani

Baba, nakusalimu kutoka Dubai. Jua la huku linachoma mpaka jioni, na ule ukungu wa huko nyumbani Kikima naukumbuka kila siku.

Tangu useme kamera ya studio imekufa kabisa, nimekuwa nikikutafutia nyingine. Leo nimeipata, bei karibu nusu ya Nairobi. Nikamsimamisha muuzaji kwa ukuta mweupe niijaribu, na maneno yaliyonitoka yakawa yako: "Inua kidevu. Usicheke. Shika meza." Mtu mzima na ndevu zake akashika meza. Picha ikatoka safi, na sura yake ni ile ile ya watu wako wa Jumapili wakitoka kanisani, kama wanangoja kuitwa na daktari. Nilicheka, halafu nikamkumbuka Mama akinipaka mafuta miguuni kabla sijasimama mbele ya lile pazia lako la studio lililochorwa maporomoko ya maji.

Nikauliza habari ya waranti. Akasema ni ya Dubai tu, ikiharibika niirudishe hapo kwake mwenyewe. Baba, nimekaa huku miaka minne. Mkataba unaisha mwezi ujao, na sitaki kubeba kitu cha kunirudisha.

Nimeiacha. Tutaenda Nairobi sisi wawili, tununue kwa bei yao.

Mwambie Mama aloweke mahindi ya muthokoi. Wewe tundika lile pazia, unipige picha ya kwanza. Na nikicheka, usinigombeze.

Binti yako,
Mwende