Kamera ya Manyovu na Picha ya Shangazi

Mjukuu wangu Neema,

Mwakeye huko Dar. Huku Busunzu hatujambo, maharage yamekubali. Najua umenizidi umri, lakini kiukoo babu ni mimi, nisalimie kwa adabu.

Umeuliza kama ununue kamera ya filamu wakati simu unayo. Umemuuliza fundi mwenyewe. Yangu niliinunua Manyovu ikiwa imekwama, nikaifungua kwa bisibisi ya saa, nikaifuta kutu, ikalia tena. Shule niliiacha, akili nikaondoka nayo.

Nilianza na shangazi Yustina, ambaye hakuwahi kuwa na picha yake. Akaonya, "Ukinikata miguu, utakula kwenu." Nikabonyeza. Akanyoosha mkono: "Haya, nione." Nikamweleza kwamba nikifungua kamera, mwanga utaiunguza filamu, lazima kwanza isafirishwe mjini ikasafishwe.

Kila Jumapili akawa ananidaka nje ya kanisa: "Nimetoka?" Nilimjibu kwa majigambo, huku moyoni nikiogopa kwamba kamera sikuitengeneza vizuri.

Picha ilipofika, aliikagua kuanzia miguuni, akaingia nayo ndani. Nikamfuata. Msumari wa kuitundikia alikuwa ameshaugonga ukutani, tangu siku ile niliyompiga picha.

Kwa picha ya simu sijaona mtu akigonga msumari. Nunua, mjukuu. Ikikwama, niletee.

Babu yako kijana,
Jonasi