Chupa Niliyokuwekea Chini ya Kiti

Stoo ya vipuri, karakana ya magari ya serikali
4 Juni

Baba Meneja,

Kabla hata sijakuuliza hali, mwanao sasa hivi amenivua kandambili moja, akaenda kuiweka kwenye rafu ya chini katikati ya fenibelti, kisha akanigeukia na kujipigia makofi kama mtu aliyemaliza kupanga stoo nzima. Nimeiacha huko huko. Ninakuandikia mguu mmoja uko peku.

Haya, u mzima? Kifua kimepona na lile vumbi? Sisi hatujambo. Jirani anayetuangalizia mtoto bado anaumwa, kwa hiyo Meneja wetu anakuja na mimi kazini kila siku. Mkuu wa karakana amemwona, akapita zake, na mimi nikaendelea na kazi. Mafundi ndio wananichosha. Asubuhi nzima dirishani: "Mama Meneja, nipe kumi na saba!" Namwambia spana ya kumi na saba anayo fundi wa umeme, kamkabe yeye. "Basi nipe wewe mwenyewe!" Namwambia mimi sijasajiliwa, rudi kwenye gari lako.

Lakini kusajiliwa nako kunakaribia, mume wangu. Karani kaniambia barua yangu ya ajira iko mezani kwa mkuu, imebaki kutiwa saini. Sitakuwa kibarua tena. Nimejikuta naimba peke yangu huku nahesabu nati.

Jambo moja. Ile siku ulipokuja kuchukua gari nilikuwekea kitu chini ya kiti cha dereva. Usidhani ni maandazi. Ni chupa ya mafuta ya breki, imejaa mpaka shingoni. Niliikuta imekaa peke yake pembeni ya rafu nikasema hii ni ya mume wangu, anakokwenda ni mabonde matupu. Nimeiandika daftarini kwa gari lako, si wizi. Basi ukiiona ujue nakuwaza.

Anakusalimu Meneja, ameshika kalamu, huo mstari uliopinda ni wake.

Mimi, mkeo, Mama Meneja

*

Kambi ya barabara
12 Juni

Mama Meneja, mke wangu,

Barua imefika, inanuka dizeli maana dereva wa lori la dizeli ameibeba pamoja na pampu yake. Mimi ni mzima. Kifua kimetulia, sasa ni mgongo. Hujambo wewe? Na huyo bosi wako mwenye meno manne?

Chupa nimeikuta. Nimecheka mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini. Wake zao wanawawekea sabuni, wanawawekea fulana, mimi wangu kaniwekea mafuta ya breki. Nikawaambia, nyinyi mnapendwa mwilini, mimi napendwa mpaka kwenye magurudumu.

Wala hukukosea. Hapa kuna mteremko tumeuita Kaa Kimya. Vijana wa barabara nikiwa nimewapakia nyuma wanapiga kelele njia nzima, wanasema, wanaimba, tukifika pale juu gari likiinamisha pua, kimya. Husikii hata mtu kukohoa. Upande mmoja jiwe, upande mwingine hakuna kitu. Breki zangu zimeanza kuzama kidogo, nakanyaga mara mbili ndipo zishike. Siku tutakayopumzika nitafungua boneti niongeze hayo mafuta yako.

Redio ya mawasiliano ya gari langu imekufa kabisa na simu haishiki hata ukipanda juu ya lori. Ukitaka kunifokea subiri dereva wa dizeli.

Mbusu Meneja. Mwambie mstari wake nimeusoma wote.

Mimi, baba yake

*

Stoo
15 Juni

Baba Meneja,

Usiifungue. Mume wangu, kama hujaifungua usiifungue, na kama umeshaifungua usiwashe gari. Nimeanza na hilo hata salamu sijatoa, nisamehe.

Leo amekuja dirishani fundi tunayemwita Jeki, yule mzee wa kutengeneza majeki. Akasema, "Mama Meneja, nipe chupa yangu." Chupa gani? "Niliyoiweka kwenye rafu yako siku ile ulipompeleka mtoto kliniki. Mafuta ya jeki. Sikuwa na kopo, nikatia kwenye chupa tupu ya mafuta ya breki."

Nikamwambia sijaiona, atafute kwake. Akaondoka ananung'unika kwamba stoo hii ina panya wanaokunywa mafuta.

Nikaenda kwa fundi wa breki, nikajifanya nauliza tu. Fundi, hivi mtu akitia mafuta ya jeki kwenye breki inakuwaje? Akacheka, "Nani anataka kumuua mumewe?" Alikuwa anatania. Kisha akanieleza. Kule ndani kuna lastiki ndogo ndogo za kuziba mafuta. Mafuta yasiyo yake yakiingia, zinavimba. Leo utakanyaga, itashika. Kesho itashika. Halafu siku moja uko mteremkoni unakanyaga na mguu unakwenda wenyewe mpaka sakafuni.

Nikakumbuka Kaa Kimya. Nikakumbuka umesema utaongeza siku ya mapumziko, na siku hiyo sijui ni lini. Labda ni leo. Labda umeshaongeza na barua hii utaletewa ukiwa umeshapita pale.

Sijamwambia mtu. Nikienda kwa mkuu ataniuliza nani alitoa chupa bila kufungua kifuniko na kunusa, na saini bado haijatiwa. Nimempa dereva wa dizeli barua hii mkononi mwake, nimemwapisha akupe wewe mwenyewe, asimwachie mtu. Kaniuliza, "Kuna msiba?" Nikasema bado.

Nijibu hata neno moja. Nijibu mzima.

Mkeo

*

Kambi ya barabara
18 Juni

Mke wangu,

Mimi mzima. Soma tena hapo: mzima. Kaa kwanza, mpe mtoto maji, kisha endelea.

Chupa yako sikuitia. Sikupata nafasi ya kuifungua. Juzi nilikuwa chini ya Kaa Kimya nikakutana na dereva wa gari la wagonjwa, yule tunayemwita Mpole kwa jinsi anavyoendesha kama amebeba mayai. Akashusha kioo: "Ndugu yangu, huna mafuta ya breki? Ninayo chupa moja tu na nakwenda mpaka zahanati ya mwisho." Nikaingiza mkono chini ya kiti nikampa. Nikamwambia, chukua, hii imetoka kwa mke wangu, ina baraka zote. Akaiweka pamoja na ile ya kwake, tukaagana. Nikajiona mtu mwema siku nzima.

Barua yako imenikuta nakula. Sijamaliza kula.

Nimetuma kijana kwa pikipiki, amekuta Mpole ameshapita na petroli haitoshi kumfuata, yuko ng'ambo ya mlima anakusanya akina mama wajawazito wa kuwaleta hospitali. Atarudi kwa njia hii hii, hakuna nyingine, na kuteremka kwake ni pale. Kama ameongeza au hajaongeza sijui. Nimemwacha yule kijana akae juu ya mteremko, lakini ukungu wa huku gari hulioni mpaka likupite.

Gari la Mpole redio yake nzima. Redio ya kumwita iko ofisini kwa mkuu wako. Hiyo tu ndiyo njia. Dereva wa dizeli ameahidi kuendesha usiku kucha akufikishie barua hii.

Siwezi kukuamrisha, Mama Meneja. Najua hiyo saini tumeiongelea kitandani mara ngapi. Na mimi sitamwambia mtu kitu ukiniambia ninyamaze. Lakini wewe umeuliza fundi, mimi nimeuona mteremko.

Mumeo

*

Nje ya ofisi ya mkuu, kwenye benchi
19 Juni

Baba Meneja,

Mwanao ametoka sasa hivi kumfungua kamba za viatu dereva wa mkuu aliyesinzia hapa kwenye benchi, zote mbili, na sasa anamtazama akisubiri ataamka vipi. Nimekosa hata nguvu ya kumkataza. Nakuandikia kwenye goti ili mikono ipate kazi. Hujambo? Mimi sijui kama sijambo.

Nikuambie ukweli maana wewe ni mume wangu. Nilipofika kwenye neno "mzima" nililia, nikaibusu karatasi, nikashukuru. Nikasoma mpaka mwisho, na moyo ukaniambia, Mpole si wako. Wako amepona. Jeki hajui, fundi hajui, kunja karatasi tia mfukoni. Nikaikunja. Nikatoa plagi dirishani, nikatoa bolti, nikacheka na mafundi. Meneja alikuwa amekaa kwenye kile kiti kibovu cha gari ninachokalia stoo, anaiga dereva, ameshika usukani wa hewa, mguu wake unakanyaga, unakanyaga, hauna cha kukanyaga. Alikuwa anacheka. Mimi nikaona wale akina mama nyuma ya gari wameshika matumbo yao, wamenyamaza.

Nikafunga dirisha mafundi wakiwa foleni. "We Mama Meneja, umeshiba leo?" Nikambeba Meneja, nikaenda kwa mkuu.

Mkuu alikuwa anakunywa chai. Nikasema yote kwa mkupuo, hata pumzi sikuvuta. Nilidhani atapiga meza. Hakupiga. Aliniuliza, "Ulifungua kifuniko?" Nikasema hapana, mkuu. "Uliinusa?" Hapana. Akaichukua ile barua yangu pale mezani, niliiona, ina jina langu, akaiingiza kwenye droo na kufunga na ufunguo. "Hilo tutaongea." Kisha akanyanyuka haraka mpaka chai ikamwagika, akamwita mtu wa redio.

Sasa wamo ndani wanamwita. Mlango haukufungwa vizuri, nasikia. "Mpole, Mpole, unanipata? Ukinipata simamisha gari." Halafu mkwaruzo. "Mpole, usiteremke. Narudia, usiteremke." Mkwaruzo. Karani amepita, akaniangalia, akaangalia mtoto, akaenda. Habari imeshafika kwa mafundi maana Jeki amesimama pale mlangoni kofia mkononi, haji karibu, haondoki.

Mume wangu, kama ameshateremka sijui nitakaa wapi duniani. Ila nimejiambia, kama angekuwa ameanguka habari ingekuwa imeshafika, sivyo? Watu wangekuwa wameshakimbia. Mimi bado natumaini. Kijana wako yuko pale juu, ana macho. Nao ukungu hu

Ngoja. Kuna sauti ya mtu ndani ya redio. Si mkwaruzo, ni mtu. Anaongea polepole, ndiye, nani mwingine anaongea hivyo! Anasema amesimama. Baba Meneja, amesimama! Yuko juu, hajateremka, wako naye akina mama wawili na mmoja uchungu umeshamshika. Anasema ana chupa mbili zinazofanana, moja ameshaitia asubuhi, hajui ni ipi, anauliza ya kwetu ilikuwaje aitazame iliyobaki. Mkuu anafungua mlango, ananiita kwa mkono, "Mama Meneja, wewe ndiye uliyeishika, njoo useme mwenyewe," nimemwachia Jeki mtoto, nakwenda, ya kwetu nakumbuka vizuri kabisa, ilikuwa imejaa mpaka shingoni.