Mama Mkwe na Joka la Gemu

Jumamosi, Lemara

Aibu bado haijanitoka. Mama yake Elia katoka Kikatiti na mkungu wa ndizi, kuja kumwona mchumba wa mwanawe, yaani mimi, akanikuta sebuleni napigana na joka la kwenye gemu. Nikamwambia shikamoo bila hata kugeuka! Joka lilikuwa limebakiza mapigo machache tu life. Ningeachaje?

Elia akanifinya. Nikajua harusi imeota mbawa.

Mama akaketi, akatazama weee. Halafu akasema, "Kumbe hili bado lipo? Elia na kaka zake walikuwa wanapigana nalo wakiwa shule ya msingi, mimi pembeni nachambua maharage. Likate mkia kwanza."

Hawa Wajapani nao! Kila baada ya miaka michache wanatoa gemu jipya, joka ni lile lile. Wiki mbili limenitesa. Nikakata mkia, likaanguka.

Nikainuka haraka, nikapiga goti, nikamwamkia upya.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Ile ya kwanza nilijua unaliamkia joka."