Globu Mbili za Sanduku

Jumatatu, 5 Julai 1954
Injini ya kiwanda cha mkonge, hiyo inayotupa umeme hadi majumbani, imenitesa tangu asubuhi. Mafuta machafu. Nikiwa bado chini yake nikaitwa nyumbani: Zuhura amejifungua. Miezi saba tu! Mtoto wa kike, anaenea kiganjani. Mganga wa zahanati kasema asipate baridi, basi, hana la zaidi. Na kipupwe hiki. Mama mkwe, aliyekuja toka Mkange kumngoja mjukuu, anasema wa miezi saba huishi, wa minane ndiye haishi. Mungu amjalie awe anajua anachosema.

Jumanne, 6 Julai
Nimetengeneza sanduku la joto. Sanduku la majani ya chai, pamba, globu mbili za wati sitini. Kwanza nilizifunga kila moja na njia yake. Jumla wati mia na ishirini. Tanuri! Mkono wangu wenyewe haukuvumilia.

Nikakaa na hesabu. Nikizifuatanisha, umeme upite ya kwanza ndipo uingie ya pili, ukinzani unakuwa maradufu na kila globu inapata nusu ya volti. Kumi na tano hii, kumi na tano ile. Jumla thelathini. Watu hudhani kila globu unayoongeza inaongeza joto. Wapi. Sasa mwanga ni hafifu, mwekundu, na bado mama mkwe ananung'unika kwamba utamuumiza mtoto macho.

Jumatano, 7 Julai
Ananyonya maziwa kwenye pamba. Ameshika kidole changu. Nimefurahi kama mjinga. Zuhura anataka jina. Nimesema tungoje siku ya saba. Kweli ni kwamba naogopa.

Alhamisi, 8 Julai
Amekufa.

Nimerudi alasiri. Zuhura kalala kwa uchovu. Mama mkwe kamfunika mtoto kanga mbili, anangoja umeme urudi. Umeme upi? Injini haikusimama leo hata kidogo. Nikapapasa globu. Moja imelegezwa.

"Nimeipumzisha hiyo moja tu, baba. Mwanga ulimzidi."

Ya pili ikazimika nayo, kwani njia ni moja. Yeye akadhani kiwanda kimezima, kama kizimavyo kila mara. Mtoto alikuwa wa baridi kabisa. Nimetoka nje nikalia.

Ijumaa, 9 Julai
Tumemzika asubuhi. Nimempa jina Rehema. Moyo unaniuma, siwezi kuandika.

Jumapili, 11 Julai
Maziwa yamemjaa Zuhura. Anayakamua kwenye bakuli huku analia. Mama mkwe hajatia kitu kinywani tangu mazishi. Leo kaniuliza, mbele ya Zuhura, kama siku ile umeme ulikatika kweli.

Nikasema ndiyo. Injini ilizimika mchana kutwa.

Akashusha pumzi. Akaomba uji.

Zuhura akanitazama. Injini ile naitunza mimi, hakuna mwingine.

"Na wewe uko hapohapo, ukashindwa kuiwasha?"

Nikaenda kumchemshia mama uji.