Mfuko Niliomnyima Shangazi

Jumatatu, Chuno. Joto zito. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi na hayanyeshi.

Mfuko mbadala ni ule ambao gharama ya kuutengeneza hufidiwa kwa kutumika mara nyingi. Hiyo ndiyo sifa yake pekee. Ukitumika mara moja ukaachwa, unaushinda mfuko wa rambo uliopigwa marufuku kwa jambo moja tu: umekula malighafi nyingi zaidi. Na kile kinachoonekana kama kitambaa, mimi ninayefundisha kemia najua, ni plastiki vilevile.

Nyuma ya mlango wa jikoni kwangu ipo mifuko thelathini na saba. Kila mgeni huja na kitu, kila kitu huja na mfuko, na mfuko wa zawadi haudaiwi. Nami nikienda kwa watu, huacha wangu.

Jumamosi niliamua kuishi kama ninavyofundisha. Nilikwenda Mahurunga kumwona Shangazi Somoe, aliyenilea tangu mama alipofariki. Nilimpelekea sukari, sabuni na doti ya khanga. Nikavitoa kimoja kimoja, nikavipanga mkekani, nikaukunja mfuko na kuutia mfukoni mwa suruali.

Akavitazama.

"Mwalimu, unanipa au unaniuzia? Mbona umenitandazia kama mchuuzi?"

Majirani waliokaa nasi wakacheka. Badala ya kunyamaza, nikaanza kueleza: plastiki, Mto Ruvuma, mvua inavyozoa mifuko hadi kwenye mikoko.

"Basi chukua mfuko wako, baba. Usije ukakosa usingizi."

Hakunisindikiza.

Leo mchana dereva wa bodaboda kutoka Mahurunga amenikabidhi sukari, sabuni na khanga. Vyote. Vimo ndani ya mfuko mpya kabisa.

Thelathini na nane.

Nimempigia Shangazi simu mara tano, hapokei. Nimeipitia hoja yangu hatua kwa hatua na sioni kosa, na hilo ndilo linaloniogopesha. Sikukosea popote, na huenda nimempoteza mtu pekee aliyenibakia. Mto haukupata nafuu yoyote.

Sijui hata kesho nikifundisha somo hili nitalifundisha kwa uso gani.

Lazima niende kumwomba radhi. Lakini kwa mkubwa uliyemkosea haiendwi mikono mitupu. Nitabeba zawadi katika nini, na nikishafika, mfuko nitauacha?